Biti Inayokata Hewa: Namna ya Kuokoa Muda Unaopotea kwenye Ruta ya CNC

Kijana wetu wa karakana ndiye aliyenizindua. Tulikuwa na kazi ya kabati za jikoni, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 18, bodi za futi 8 kwa 4 zimeegeshwa ukutani zinasubiri zamu. Yeye alikaa juu ya ndoo ya gundi anaangalia ruta ya CNC, mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, inavyotoboa matundu ya pini za shelfu. Biti, ile ncha inayokata, inashuka, inagusa kidogo, inapanda juu kabisa, inashuka tena, inagusa, inapanda. Akaniuliza, "Fundi, hii mashine inakata au inaruka kamba?"

Nilicheka. Kisha nikatoa simu nikaanza kuhesabu, na kicheko kikaisha. Bodi ile moja ilikula dakika 54, na katika hizo biti ilikuwa ndani ya MDF kwa chini ya nusu ya muda. Zilizobaki ilikuwa inapanda, inashuka, inasafiri, au imesimama inanisubiri mimi.

Kazi ikichelewa, wengi wetu tunakimbilia kuongeza spidi. Mimi siku hizi spidi naigusa mwisho, na utaona kwa nini. Hapa natumia Aspire ya Vectric, programu ya kuchora na kupanga njia za biti, na rimoti ya DSP, kidhibiti cha mkononi kinachoendesha mashine, lakini mambo haya yapo kwenye programu nyingine pia. Majina ya vitufe tu ndiyo yanabadilika.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Egesha simu pembeni urekodi video ya bodi moja, kuanzia unapobonyeza kuanza mpaka spindo, yaani mota inayozungusha biti, inasimama. Jioni ukae nayo na daftari. Chora safu nne: inakata, inapanda na kushuka, inasafiri hewani, imesimama. Wala huhitaji kukodoa macho, sikio linatosha. Spindo ikiwa hewani hulia sauti nyembamba isiyobadilika. Ikiuma mbao, sauti inakuwa nzito.

Bodi yangu ya dakika 54 ilisomeka hivi: kukata mizunguko ya vipande dakika 19, kutoboa matundu 160 dakika 17, kubadilisha biti dakika 9, na mengineyo dakika 9. Angalia hiyo 17. Matundu yenyewe yana kina cha mm 12 tu, na MDF ni laini.

Usitegemee muda unaoandikwa na programu. Yenyewe hupiga hesabu kama vile mashine inashika mwendo papo hapo na kusimama papo hapo. Ukishapima mara mbili tatu, ipe programu kirekebisho: kama programu ilisema dakika 30 na mashine ikatumia 45, ingiza 1.5 kwenye sehemu ya kuzidishia muda. Kuanzia hapo utaweza hata kumwambia mteja saa ya kuja bila kujiombea dua.

Hatua ya 2: Shusha kimo cha usalama

Kila biti inapomaliza mahali na kuhamia pengine, hupanda hadi kimo ulichokiandika. Wengi wetu tulipofundishwa tuliambiwa tuweke mm 25 au 30 "ili usigonge kitu", na hapo ndipo tulipobaki.

Piga hesabu. Mashine yangu hupandisha spindo kwa mm 3000 kwa dakika, yaani mm 50 kwa sekunde. Kupanda mm 30 na kushuka mm 30 ni sekunde 1.2. Kwa kimo cha mm 6, ni chini ya robo ya sekunde. Sekunde moja si kitu, utasema. Lakini bango la duka lenye maandishi mengi na maua pembezoni linaweza kuwa na minyanyuko 600. Hiyo ni dakika 10 za kuruka kamba kwenye bango moja.

Kuna kimo cha pili ambacho watu hukisahau. Ni pale ambapo biti inaacha kushuka kwa mbio na kuanza kuzama polepole. Ukikiacha mm 20 juu ya bodi, na mwendo wa kuzama ni mm 600 kwa dakika, kila mara biti inatumia sekunde mbili kuzama ndani ya hewa. Mimi nakiweka mm 2.

Sasa tahadhari, maana hapa nililipa ada. Siku ya kwanza niliposhusha kimo hadi mm 6, nilisahau kuwa kona ya kushoto nimeibana kwa klampu yenye kimo cha mm 22. Biti ilisafiri kutoka tundu moja hadi jingine kwa mwendo wa G0, yaani amri ya kusafiri hewani kwa mbio zote, ukasikika mlio kama wa chupa kupasuka, na nusu ya biti sikuiona tena hadi nilipofagia wiki iliyofuata. Kwa hiyo, kabla ya kushusha kimo, ondoa klampu kwenye eneo lote ambalo biti inapita. Kaza bodi kwa skrubu nje ya vipande, au tumia meza ya kunyonya kama unayo. Kama klampu lazima ziwepo, kimo kizipite; hapo huna ujanja.

Na kwa sisi tulio pwani kuna jambo jingine. Bodi iliyoegeshwa ukutani kwa mwezi mzima kwenye unyevunyevu hupinda. Ukiilaza mezani, katikati inaweza kuinuka mm 3 au 4. Weka rula kwenye kona zote na katikati kabla ya kuamua kimo. Ikiwa imepinda, ikaze skrubu moja katikati, kwenye sehemu itakayotupwa.

Hatua ya 3: Matundu yatoboe kwa mara moja

Programu yangu ilikuwa imewekwa itoboe kwa kudonoa: mm 3, panda juu, mm 6, panda juu, na kadhalika. Udonoaji una kazi yake. Kwenye alumini, au kwenye tundu refu la mbao ngumu, unatoa takataka zisizibe meno ya biti. Kwenye tundu la mm 12 ndani ya MDF hauna maana yoyote.

Kwa kimo cha mm 30 na midonoo minne, biti ilikuwa inatembea mm 300 kwa kila tundu ili kukata mm 12. Inafika sekunde sita na zaidi. Kuzama mara moja kwa mm 1200 kwa dakika, na kimo cha mm 6, ni sekunde moja na kidogo. Kwa matundu 160, tofauti inakaribia dakika 14. Kitufe kimoja tu.

Ukilazimika kudonoa, tafuta kwenye mipangilio sehemu inayoamua biti irudi hadi wapi. Iambie irudi mm 1 tu, ikate lile uzi la takataka, iendelee. Si lazima itoke nje kupunga upepo.

Hatua ya 4: Hesabu raundi za kina

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu wizi wake umejificha vizuri.

Bodi ni mm 18. Ili ikatike kabisa unaongeza kidogo, tuseme mm 0.4, biti ikwaruze bodi ya chini. Jumla mm 18.4. Umeandika kina cha raundi moja kisizidi mm 6. Ukigawa, 18.4 kwa 6 inatoa 3 na mabaki, na programu haina huruma: inapandisha hadi raundi 4, za mm 4.6 kila moja. Umeongeza mzunguko mzima wa kila kipande kwa ajili ya sehemu nne za kumi za milimita.

Andika 6.2 badala ya 6, raundi zinakuwa 3. Bodi yangu ina mita 24 za mizunguko. Raundi 4 ni mita 96. Raundi 3 ni mita 72. Kwa mwendo wa mita 5 kwa dakika unatoka dakika 19 hadi 14 na nusu hivi, bila kuongeza spidi hata chembe. Kwa MDF, biti ya mm 5 au 6 inabeba kina hicho bila kulalamika. Kwa mninga au mkongo usinifuate. Shuka hadi mm 3 au 4, lakini bado gawa mwenyewe kwa kikokotoo uone mabaki yanaangukia wapi.

Hapo hapo angalia biti inafanya nini kati ya raundi na raundi. Programu nyingine huinyanyua hadi juu, ndipo izame tena palepale ilipotoka. Kwa mzunguko uliofunga hakuna haja hiyo. Chagua kushuka kwa mteremko unaozunguka, biti iwe inakata huku inashuka kama ngazi za mnara. Mteremko wa kawaida nao ni mzuri, kwa sababu kuzama wima kunachoma, ila usiufanye mrefu bila sababu. Mm 40 au 50 zinatosha.

Kosa jingine la jamii hiyo: unapanga vipande viwili kwa nafasi ya mm 5, na biti yako ni mm 5. Inaonekana umebana matumizi. Lakini kila kipande kina mstari wake, hivyo biti inapita kwenye mfereji mmoja mara mbili, na mara ya pili inakata hewa tupu kwa mwendo wa kukata. Ama futa mstari mmoja uwe wa pamoja, ama acha nafasi ya mm 8 uendelee na maisha. Mimi naacha nafasi, maana mstari wa pamoja ukikosewa kipande kinacheza na ukingo unaharibika.

Hatua ya 5: Punguza biti

Mashine yangu haijibadilishii biti yenyewe. Kila badiliko maana yake ni kusimamisha, kufungua koleti inayoshika biti, kupuliza vumbi, kukaza, kuweka sifuri upya. Dakika nne na ushee, na hapo spana iwe haijapotea chini ya meza.

Kabati zilikuwa zinatumia biti tatu: ya mm 5 kwa matundu ya pini, ya mm 6 kwa kukata, na ile pana ya mm 35 kwa vikombe vya bawaba. Sasa natumia moja tu, ya mm 5 yenye meno mawili. Inatoboa pini, inachimba kikombe cha bawaba kwa kuzunguka hadi kina cha mm 13, na inakata vipande. Kikombe kwa njia hii kinachelewa sekunde chache kuliko biti pana, lakini dakika tisa za kubadilisha zimefutika zote.

Kama kazi inadai biti mbili kweli, panga mambo yote ya biti ya kwanza yaishe kwenye bodi nzima ndipo ubadilishe. Linaonekana jambo la wazi, lakini programu ikiachiwa ipange kipande kwa kipande itakuita kila baada ya dakika tano.

Hatua ya 6: Safari fupi

Mpangilio wa kutoka kipande hadi kipande hauleti maajabu kwenye kabati, labda dakika moja au mbili. Kwenye matundu mengi na kwenye maandishi unaleta. Angalia kwenye onyesho la majaribio la programu: ukiona mistari ya safari inakatiza bodi kutoka kona hadi kona kama utando wa buibui, basi programu inafuata mpangilio uliotumia kuchora, si ukaribu. Chagua njia fupi, au kwa safu.

Usivunje kanuni moja tu: ya ndani kwanza, ya nje baadaye. Kipande kikishakatwa pembezoni kinaweza kusogea, na tundu utakalotoboa baada ya hapo halitakuwa mahali pake.

Kwa wanaotumia leseni ya bure ya binafsi ya Fusion 360, programu nyingine ya kuchora na kupanga njia za biti: tangu 2020 safari za hewani kwenye leseni hiyo hutoka kwa mwendo wa kukata, si kwa G0. Kama mashine yako inaonekana kutembea hewani kama mgonjwa, fungua faili kwa kihariri cha maandishi cha kawaida uangalie kama G0 zipo.

Hatua ya 7: Nakshi, hapa ndipo saa zinapotea

Kabati ni dakika. Mlango wa nakshi ni saa, kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Chukua paneli ya mninga ya mm 400 kwa 1200. Finishi, yaani mkato wa mwisho wa kulainisha, inafanywa kwa biti ya ncha mviringo ya mm 6, mstari kando ya mstari. Nafasi kati ya mistari ikiwa mm 0.48, unapata mistari 833, na biti inatembea kilomita moja kamili. Kwa mita 4 kwa dakika ni saa nne na dakika kumi. Ukiweka nafasi ya mm 0.6 mistari inakuwa 667, mita 800, saa tatu na dakika ishirini. Je, ubora umepungua kiasi gani? Tuta linalobaki kati ya mistari linatoka mm 0.01 kwenda mm 0.015. Ni jembamba kuliko unywele. Msasa namba 180, ambao lazima utapita tu kabla ya vanishi, unalifuta bila kujua kwamba lilikuwepo. Mimi kwenye mlango wa nje sishuki chini ya 0.6. Kwenye sura ya mtu au maandishi madogo nashuka, kwa sababu pale jicho linakaa.

Pili, mwelekeo. Mistari ielekezwe kwa urefu wa paneli. Ukiielekeza kwa upana, mistari 667 inakuwa 2000, na mwisho wa kila mstari mashine inapunguza mwendo, inageuka, inaanza upya. Mara nyingi nyuzi za mbao nazo zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo alama zinalala pamoja nazo na msasa unakuwa rahisi. Hakikisha pia biti inakata kwenda na kurudi. Nimewahi kukuta faili inayokata kwenda tu, kurudi inapaa. Nusu ya usiku mzima ilikuwa usafiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa: usifanye finishi mahali pasipo na nakshi. Ua likiwa katikati, mm 300 kwa 900, na pembeni ni bapa, chora mpaka kuzunguka ua, uupanue kwa nusu ya kipenyo cha biti, na finishi ibaki humo. Kwa nafasi ile ile ya 0.6, zile saa tatu na dakika ishirini zinashuka hadi chini ya saa mbili. Pembeni pale bapa pitisha biti bapa ya mm 12, dakika chache, na pananyooka kuliko ambavyo ncha mviringo ingepanyoosha. Mchonga milango wa Mji Mkongwe hachimbi uwanja mzima kwa patasi ya kuchorea jicho la ua. Sisi tumepewa mashine tukasahau hilo.

Hiyo biti ya mm 12 ndiyo pia ya rafu, yaani kuondoa mbao nyingi kabla ya finishi. Iambie programu unene halisi wa ubao, uliopimwa, si ule wa risiti. Ukiandika mm 45 na ubao ni 41 baada ya kurandwa, na sifuri umeiweka juu ya meza, raundi ya kwanza yote itapita juu ya ubao bila kugusa kitu.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, gawa faili: rafu peke yake, finishi nusu ya juu, finishi nusu ya chini. Rimoti ya DSP hukumbuka ilipoishia, lakini kama biti ilikuwa ndani ya mbao na meza ikasukumwa gizani, kumbukumbu hiyo haitakusaidia.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo spidi

Kanuni ni fupi: mwendo wa kukata ni mizunguko ya spindo mara idadi ya meno mara unene wa chenga moja, yaani kile jino moja linachobandua kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 18,000, meno 2, chenga ya mm 0.15, unapata mm 5400 kwa dakika. Ukienda mm 2000 kwa mizunguko ile ile, chenga inakuwa mm 0.056, na hapo biti haikati tena, inasugua. Shika kinachotoka: kikiwa unga wa moto na ukingo umekuwa kahawia, unakwenda polepole mno. Kwa hiyo polepole nako kunaua biti.

Lakini kwenye nakshi na kona nyingi, kuongeza namba hiyo hakubadilishi chochote. Mashine inahitaji umbali ili ishike mwendo. Yenye uongezaji mwendo wa mm 400 kwa sekunde kwa sekunde inahitaji mm 18 kufika mm 7200 kwa dakika, na mm 18 nyingine kusimama. Jani la ua lenye vipande vya mm 5 halitafika huko hata ukiandika milioni. Angalia kwenye skrini mwendo halisi wakati inachonga: kama umeandika 6000 na hauzidi 2500, tatizo si fidi, yaani namba ya mwendo uliyoandika.

Mara nyingi tatizo ni mchoro. Duara lililoletwa kutoka programu nyingine linaweza kuwa vijistari mia tano vilivyounganishwa. Vigeuze viwe tao halisi, faili itoke na G2 na G3, amri za kukata tao. Na kwa wenye Mach3, programu ya kuendesha mashine kwa kompyuta, tafuta G61 mwanzoni mwa faili. Hiyo inaiamuru mashine isimame kabisa kwenye kila kiungo. Weka G64, inayoiacha ipite bila kusimama, kisha pima kona moja kali kama bado ni kali vya kutosha kwa kazi yako.

Bodi ile ya dakika 54 sasa inaisha kwa 25. Kijana hakai tena juu ya ndoo. Siku hizi yeye ndiye analalamika kwamba bodi inatoka kabla hajamaliza kubandika utepe wa kingo kwenye vipande vya bodi iliyopita, na ameanza kuniuliza pasi ya pili ya kubandikia itanunuliwa lini.